Redio Moja, Nyumba Nzima: Vijana wa Dar es Salaam na Muziki wa Dansi

Msafiri atokaye Kampala kwenda Dar es Salaam kwa njia ya Masaka huvuka mpaka Mutukula, akapita Bukoba, akalizunguka Ziwa Viktoria kwa upande wa magharibi, kisha akaikata karibu Tanzania nzima kabla ya pua yake kuipata harufu ya Bahari ya Hindi. Ni safari ya kulala njiani. Katika basi la siku hizi abiria hamsini huweza kusikiliza nyimbo hamsini kwa wakati mmoja, kila mtu ana simu yake mkononi na spika ndogo zake masikioni, na jirani asijue jirani yake anafurahi nini au analia nini. Hakuna anayemkera mwenzake, na hilo ni jema. Lakini mji ambao basi hilo linauendea ulipata kuwa na desturi nyingine kabisa ya kusikiliza muziki, na wazee wake wa leo, ambao ndio vijana wa wakati ule, hawajaisahau.

Anayetaka kuielewa desturi hiyo na aanzie Kariakoo. Askari hawana haja ya kufasiriwa jina hilo kwa urefu. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza, ambao kambi yao iliwekwa hapo baada ya Wajerumani kuuacha mji. Ulimi wa Kiswahili ukalilainisha jina la Kiingereza, na kambi ya wapagazi ikawa mtaa, na mtaa ukawa moyo wa mji. Soko kubwa la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo Mtanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Moto uliliunguza mwezi wa Julai mwaka 2021, likajengwa upya. Barabara za Msimbazi na Uhuru, na mtaa wa Kongo wenye msongamano wa wachuuzi, zote ziko hapo hapo.

Leo maghorofa yamekimeza Kariakoo. Zamani sehemu kubwa ya mtaa huo, kama ilivyokuwa Ilala na Magomeni, ilikuwa nyumba za chini za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani jiko na choo, na mbele baraza ya saruji. Kila chumba kilikuwa na mpangaji na jamaa yake. Sensa ya mwaka 1967 iliwahesabu watu 272,821 katika mji mzima. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu zaidi ya milioni 5 katika mkoa wa Dar es Salaam. Mji wa hesabu ile ya kwanza ulikuwa mji ambao habari ya wimbo mpya iliweza kuuzunguka kwa miguu katika muda wa siku moja.

Katika nyumba ya vyumba sita si kila mpangaji aliyekuwa na redio. Mara nyingi ilikuwapo moja iliyo nzuri, na mwenyewe aliiweka dirishani au akaitoa barazani jua lilipopungua. Wasiokuwa nayo hawakualikwa, wala hawakukatazwa. Vijana waliketi juu ya baraza, wadogo chini, akina mama waliendelea kuchambua mchele ukumbini huku masikio yao yakiwa nje. Betri zilipochoka zilitolewa zikaanikwa juani, nazo zikajikongoja tena kwa saa kadhaa. Kijana aliyechangia senti za betri alikuwa na haki ya kusema sauti iongezwe. Asiyechangia alikuwa na haki ya kusikiliza tu.

Sauti yenyewe ilitoka katika jengo lililo kwenye barabara ya Pugu, ambayo sasa huitwa barabara ya Nyerere. Utangazaji ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, ukawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ukawa Redio Tanzania Dar es Salaam, chini ya serikali. Kwa karibu miaka thelathini iliyofuata, redio katika Tanzania Bara ilikuwa ni hiyo. Aliyetaka kubadili stesheni ilimpasa azungushe kitufe mpaka asikie Nairobi, Kampala, Bujumbura au Kongo kwa mbali, sauti ikija na kupotea kama mawimbi ya pwani.

Jambo ambalo kijana wa leo hulishangaa ni kwamba nyimbo nyingi zilizopendwa wakati ule hazikuwa zikiuzwa mahali popote. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua sahani za santuri. Santuri zilifyatuliwa Nairobi, na bendi iliyotaka santuri yake ilibidi isafiri hadi Kenya au ifanye mapatano na makampuni ya huko. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mwaka huo huo, usifunguliwe mpaka mwaka 1983. Katika miaka hiyo wimbo mpya uliishi katika utepe wa sumaku ndani ya maktaba ya redio. Bendi iliingia studio ya redio, ikapiga nyimbo zake, mafundi wakazinasa, na basi. Aliyetaka kuusikia tena wimbo huo alisubiri utangazwe tena, au aende ukumbini uliko bendi yenyewe.

Kwa hiyo kusikiliza kulikuwa kazi. Kijana hakuweza kuurudisha wimbo nyuma. Ilimbidi aushike mara ya kwanza, na kilichomponyoka akisubiri kwa juma zima. Ndiyo maana wengi walikuwa na daftari la shule lililotengwa kwa nyimbo. Wawili watatu waliketi pamoja: mmoja akaandika ubeti wa kwanza, mwenzake wa pili, wa tatu akashika kiitikio, na kipindi kilipokwisha wakaunganisha vipande. Pale walipokosa kuelewa neno waliwauliza wakubwa. Nyimbo za dansi za wakati ule zilijaa methali na mafumbo, na baba aliyekuwa akijifanya hasikilizi alijikuta akifafanua maana ya fumbo kwa mtoto wake wa miaka kumi na sita. Darasa la lugha lilikuwa limefunguliwa barazani pasipo mwalimu na pasipo ubao.

Kwa wasomaji walio katika vikosi, habari ya bendi zenyewe ni ya kuvutia zaidi. Katika Tanzania ya siku zile bendi nyingi zilikuwa mali ya asasi za umma. Wapigaji walikuwa waajiriwa wenye mshahara wa mwezi, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha NUTA Jazz mwaka 1964, ambayo baadaye ilifuata mabadiliko ya chama hicho ikawa JUWATA, kisha OTTU, na mwisho ikabaki na jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Umoja wa vijana ulikuwa na Vijana Jazz. Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz, Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na Kimulimuli, Polisi walikuwa na Polisi Jazz, na Magereza nao hawakukubali kubaki nyuma. Askari aliyeshinda zamu mchana aliweza kuonekana usiku ameshika gitaa, na raia waliomwogopa langoni wakamshangilia jukwaani. Ni vigumu kupima faida ya jambo hilo kwa uhusiano wa askari na wananchi, lakini si vigumu kuiona.

Kila bendi ilikuwa na mtindo wake, na mtindo ulikuwa na jina. Western Jazz walikuwa na Saboso, Urafiki walikuwa na Chakachua, Polisi walikuwa na Vangavanga, na Mlimani Park walikuwa na Sikinde. Jina la mtindo lilikuwa kama beji ya kikosi. Vijana waligawanyika kwa mitindo kama wanavyogawanyika kwa timu za kandanda, na ugomvi mkubwa kupita yote ulikuwa kati ya wapenzi wa Msondo na wapenzi wa Sikinde. Ugomvi huo ulikuwa na chanzo cha kweli. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na waliojiunga nayo mapema walikuwamo wanamuziki waliotoka JUWATA, wakiwamo mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar. Shirika hilo liliposhindwa kuendelea, bendi ilichukuliwa mwaka 1983 na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwaka 1985 mfanyabiashara mmoja naye akawavuta Gurumo na Balthazar pamoja na wenzao kwenda bendi yake ya Orchestra Safari Sound. Mwimbaji alipohama, nusu ya baraza ilihama naye, na nusu nyingine ikamwita msaliti.

Uganda nayo ina sehemu yake katika historia hii. Orchestra Makassy, mojawapo ya bendi zilizopendwa sana Dar es Salaam, ilianzia Kampala, ikahamia Tanzania katika miaka ya 1970 mambo yalipokuwa mabaya nchini Uganda. Ni bendi hiyo iliyompokea Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu huko Kongo, alipofika Dar es Salaam mwaka 1978. Hivyo katika jukwaa moja mtu aliweza kukuta gitaa lililojifunzia Kongo, bendi iliyozaliwa Kampala, na maneno ya Kiswahili cha Mrima. Mipaka ilifungwa na kufunguliwa, lakini sauti ilipita.

Wasio na kiingilio cha ukumbi hawakukosa njia. Kumbi nyingi za dansi zilikuwa na ua wazi, na muziki haujui ukuta. Nje ya ukuta huo vijana walisimama mpaka usiku wa manane, wakacheza vumbini dansi ile ile iliyochezwa ndani juu ya saruji. Redio nayo ilikuwa na kipindi kilichowaleta wanamuziki kupiga mbele ya mikrofoni, nacho kilisikika Songea na Kigoma sawasawa na kilivyosikika Ilala. Kadhalika zilikuwapo kadi za salamu. Kijana alinunua kadi, akaandika jina lake, majina ya ndugu na marafiki, na wimbo autakao, akaitia posta, kisha akangoja. Siku jina lake liliposomwa, nyumba nzima ililisikia, na mama yake alitembea kwa madaha kesho yake kwenda sokoni. Mvulana mwenye haya aliweza kumsalimu msichana mbele ya taifa zima pasipo kumsogelea hata hatua moja.

Kwa kuwa wote walisikia kwa wakati mmoja, wote walihuzunika kwa wakati mmoja. Mbaraka Mwinshehe, aliyepata jina na Morogoro Jazz kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973, alifariki katika ajali ya gari huko pwani ya Kenya mwezi wa Januari mwaka 1979. Tanzania ilikuwa vitani, vijana wake wengi wako mstari wa mbele, nazo familia zao zilikuwa zimezoea kukaa karibu na redio kwa hofu ya habari nyingine. Kwa watu wa rika lile, jina la mwanamuziki huyo na kumbukumbu ya vita vile haviachani mpaka leo.

Hata hivyo, haki inataka kusema kwamba siku zile hazikuwa pepo. Kumbukumbu ina tabia ya kupaka rangi ukuta uliopasuka. Mwaka 1969 serikali ilipiga vita mavazi ya vijana katika Operesheni Vijana, na mwezi wa Novemba mwaka huo wakuu wa Mkoa wa Pwani walipiga marufuku muziki wa soul mjini Dar es Salaam. Kijana aliyempenda James Brown alifunga dirisha kwanza. Maneno ya nyimbo yalikaguliwa kabla ya kunaswa, na wimbo uliokataliwa na redio haukuwa na mlango mwingine wa kutokea. Mwaka 1990 Remmy Ongala alitunga wimbo wa kuwahimiza watu watumie mipira ya kujikinga na UKIMWI. Redio ikakataa kuupiga. Jirani, Uganda, Philly Lutaaya alikuwa amejitangaza hadharani mwaka 1989 kuwa ana ugonjwa huo, akauimba, akazunguka kuwaelimisha watu mpaka kifo chake mwezi wa Desemba mwaka huo. Nchi mbili jirani, ugonjwa mmoja, na tofauti ya mlango mmoja uliofunguliwa na mlango mmoja uliofungwa. Uhai wa watu ulikuwa katika tofauti hiyo.

Aidha, baraza ile haikuwa ya wote kwa kipimo kimoja. Msichana alisikiliza akiwa na ufagio au mwiko mkononi, na kumbi za usiku zilihesabiwa kuwa mahali pa wavulana na pa wanawake wenye kusemwa. Wanamuziki nao walilipwa kidogo. Wimbo uliotangazwa mara mia haukumletea mtunzi wake mali, na wengi waliowachezesha maelfu walifika uzeeni mikono mitupu. Anayezililia siku zile na azililie pamoja na haya.

Mabadiliko hayakuja kwa kishindo. Kwanza ilikuja redio kaseti, na kijana akaweza kunasa wimbo kutoka redioni na kuusikiliza apendavyo. Daftari la nyimbo likaanza kukaa bila kazi. Kisha serikali zikaruhusu redio za watu binafsi. Kampala ilipata Sanyu FM na Capital FM mwaka 1993, na Dar es Salaam ikapata Radio One mwaka 1994, pamoja na televisheni ya ITV mwaka huo huo. Vijana wakaanza kuimba muziki mpya wa kufokafoka kwa Kiswahili, ule ulioitwa Bongo Fleva, na hakuna kosa katika hilo. Kila kizazi kina haki ya ngoma yake, na wazee wa rumba walilaumiwa na baba zao waliopenda beni. Zile nyimbo za baraza zikaitwa zilipendwa, jina zuri lenye huzuni ndani yake, kwa maana kitenzi chake kimekwisha pita.

Faida ya sasa ni dhahiri. Hakuna ofisi moja yenye uwezo wa kuamua kijana asikie nini, msichana husikiliza apendacho bila ya kuomba ruhusa ya baraza, na mwanafunzi wa Gulu aweza kuupata wimbo wa Morogoro wa mwaka 1972 katika muda wa dakika moja. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Mtunzi wa zamani alijua kwamba wimbo wake utasikiwa kwa pamoja na baba, mama, binti na mtoto wa darasa la pili, katika chumba kimoja. Kwa hiyo alipotaka kusema habari ya mapenzi au ya unyumba uliovunjika, aliyasitiri maneno kwa fumbo, kila mtu akachukua kwa kadiri ya umri wake. Mtunzi anayeimba katika sikio la mtu mmoja hana haja ya sitara hiyo, na mzazi hajui mwanawe anaambiwa nini. Fumbo likipotea, swali nalo hupotea, na swali ndilo lililomfanya mtoto amgeukie mkubwa wake na kusema, “Baba, hapa amekusudia nini?”

Wenye nyumba na vyumba vya kambi wanaweza kulirudisha jambo hilo bila ya kuzivunja simu na bila ya kuwahubiria vijana kwamba muziki wao ni kelele. Inatosha mara moja kwa juma, baada ya chakula cha usiku, spika zitolewe masikioni. Kijana achague wimbo wake mmoja, mzazi achague wake mmoja, na nyumba nzima isikilize yote miwili mpaka mwisho. Anayeuchagua aueleze. Mzazi atagundua kwamba kijana wake ana mambo ya kusema, na kijana atagundua kwamba baba yake aliwahi kuwa na miaka kumi na minane. Baba aliye zamu mbali na nyumbani aweza kutuma jina la wimbo wake, ukapigwa kwa niaba yake. Hiyo ndiyo kadi ya salamu ya leo, na haihitaji stempu.

Katika jengo la barabara ya Nyerere, ambalo tangu mwaka 2007 ni la TBC, zimo kanda za miaka ile. Baadhi ya nyimbo zimehamishiwa katika vyombo vya kisasa, nazo zinasikika tena. Lakini utepe wa sumaku si jiwe: joto na unyevu wa pwani huutafuna, na wimbo ambao haukupata kufyatuliwa katika santuri, wala kunaswa na kaseti ya mtu, ukioza pale umekwisha. Wapigaji wake wengi wamekufa. Muhidin Gurumo alizikwa mwaka 2014, na waliobaki ni wachache. Kila nchi ya Afrika Mashariki ina maktaba ya namna hiyo, na kila nyumba yenye mzee ina nyingine ndogo ambayo haina utepe wala ufunguo. Hiyo huhitaji mtu wa kuiuliza tu, naye aiulize mapema.